Safu ya waenda kwa miguu: hotuba kuhusu makutano ya Ubungo

(Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Na ninyi wanangu mliobaki hapa Ijumaa jioni wakati wenzenu wameshapanda daladala, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya makutano ya Ubungo, yale ambayo tangu Februari 2021 yanaitwa kwa jina la Balozi Mhandisi John Kijazi. Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Ubungo ndiko nilikojifunzia kazi, na ndiko nilikofanyia kosa ambalo nimelibeba miaka yote hii. Nitaanza na hilo kosa, kwa sababu nanyi mtakuja kuwekwa kwenye kiti kilekile.

Nilikuwa nina miezi minne tu kazini. Ofisi iliyoniajiri ilitupeleka vijana wanane Ubungo mataa kuhesabu magari. Mimi nilipangiwa pembe ya upande wa kwenda Mwenge. Nilipewa kiti cha plastiki, ubao wa kuandikia, kalamu mbili na fomu. Fomu ilikuwa na safu saba: pikipiki, gari dogo, pikapu, daladala, basi kubwa, lori, trela. Gari likipita unapiga mstari mmoja. La tano linakata mistari minne. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, na zamu ilikuwa iishe saa mbili usiku.

Kwenye saa moja hivi akaja mama mmoja na beseni la maandazi kichwani. Akasimama karibu yangu akingoja nafasi ya kuvuka. Nafasi haikuja. Akaniangalia ninavyochora mistari yangu, akaniuliza, "Mwanangu, unahesabu nini?" Nikamjibu, "Magari, mama." Akauliza, "Na sisi?" Nikageuza fomu, nikaiangalia mbele na nyuma kana kwamba nimepoteza kitu. Nikamwambia, "Fomu haina nafasi yenu, mama." Akasema, "Haya, hesabu magari." Akashuka barabarani, akakwama katikati kati ya basi la mkoa na lori la saruji, mkono mmoja kwenye beseni, mwingine ameunyoosha kuwaomba madereva. Akavuka. Mimi nikapiga mstari kwa lile basi na mstari kwa lile lori.

Zile fomu zikajumlishwa, jumla zikaingia kwenye jedwali, jedwali likaingia kwenye ripoti. Kwenye ripoti ile, asubuhi ile, hapakuwa na binadamu aliyepita Ubungo kwa miguu. Namba ndiyo inayoomba fedha, wanangu. Anayechora michoro hamwoni yule mama. Anaona jedwali.

Sasa tuliangalie lile tatizo lenyewe, kwa nini Ubungo palikwama vile.

Barabara ya Morogoro inatoka katikati ya jiji, inapita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, halafu haisimami: Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, mpaka Tunduma kwenye mpaka wa Zambia. Ni barabara kuu ya taifa, T1 kwenye vitabu vyenu, lakini kwa mtu wa Manzese ni barabara ya mtaani. Anaivuka kwenda kuchota maji. Barabara ya Mandela inatoka upande wa bandarini, inapita TAZARA na Buguruni, inaleta malori yenye shehena za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Yote yalikuwa yanakuja kukata kushoto palepale Ubungo. Barabara ya Sam Nujoma inashuka kutoka Mwenge na Chuo Kikuu. Ongeza kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichokuwa ubavuni, mabasi yakitoka alfajiri kwa mkupuo. Safari ya Tunduma na safari ya kwenda sokoni Mabibo zilipangwa foleni moja.

(Nisimame hapa kidogo. Mandela alifika Dar es Salaam Januari 1962 akitafuta msaada kwa ajili ya mapambano ya watu wake. Nujoma wa Namibia alikuwa amepita hapa tangu 1960 akiwa mkimbizi. Wawili hao, kila mmoja kwa safari yake, waliufikia mji huu wakiwa hawana nchi ya kurudi kwa amani, na sasa barabara zao zinakutana Ubungo. Mkikaa kwenye foleni pale, likumbukeni hilo. Mimi hunituliza.)

Makutano ya njia nne yana mielekeo kumi na miwili: kila upande una wanaonyoosha, wanaokata kushoto na wanaokata kulia. Mkichora mielekeo yote kwenye karatasi mtapata sehemu 32 ambapo njia ya gari moja inagusana na njia ya gari jingine. Kumi na sita kati ya hizo ni za kukatana msalaba, na hizo ndizo zinazoua. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwenye shida ni anayekata kulia: mtu wa Kimara anayekwenda Buguruni, mtu wa mjini anayekwenda Mwenge. Lazima akate mbele ya wanaokuja.

Mataa yanatatua jambo hilo kwa kugawa muda. Njia moja ya magari, taa ikibaki kijani saa nzima, hupitisha kiasi cha magari 1,800. Pande zikiwa nne na kila upande upewe zamu yake, unagawa kwa nne. Ondoa sekunde za manjano na zile ambazo pande zote ni nyekundu, unabaki na pungufu ya 450. Ulikuwa na barabara ya lami nzuri yenye uwezo wa 1,800, umeifunga mdomo ikabaki na robo. Ndiyo maana askari wa usalama barabarani alikuwa akishuka kwenye kibanda chake, anapuuza taa na kuongoza kwa mkono. Wengi walimlaumu. Mimi nilimsimamia nyuma siku nyingi nikimtazama, na nawaambia alikuwa anafanya hesabu ngumu kuliko mnazofanya kwenye mtihani, juani, huku akipigiwa honi na jiji zima.

Barabara za juu zinatatua kwa njia nyingine. Hazigawi muda, zinagawa nafasi. Anayenyoosha Morogoro na anayenyoosha kati ya Mandela na Sam Nujoma wanapewa kila mmoja tabaka lake, hawaonani tena, na wanaokata kona wanabaki chini na mataa yao. Kwa hiyo Ubungo ina tabaka tatu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 20 Machi 2017 na Rais John Magufuli, akiwa na Jim Yong Kim aliyekuwa Rais wa Benki ya Dunia, maana fedha za mkopo zilitoka huko. Mkandarasi alikuwa kampuni ya China, CCECC. Kazi ilifanyika huku magari yakipita na mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia zao peke yao, yakipita. Mkandarasi akihamisha michepuo, jiji likihama nayo. Nawaomba msilione hilo kuwa dogo. Kujenga daraja mtoni ni rahisi kuliko kulijenga juu ya vichwa vya watu wanaokwenda kazini.

Lilifunguliwa tarehe 24 Februari 2021. Siku saba kabla yake Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, alikuwa amefariki dunia, na Rais akatangaza palepale kuwa makutano yaitwe kwa jina lake. Siku hiyohiyo kikafunguliwa kituo kipya cha mabasi Mbezi Louis, mabasi ya mikoani yakaondoka Ubungo. Kule TAZARA, barabara ya juu ya Nyerere yenye mita 425, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa tarehe 27 Septemba 2018, ilipewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa akiongoza TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kijazi naye alikuwa mhandisi. Nchi yetu imeweka majina ya wahandisi juu ya nguzo zake. Nilipolisikia lile tangazo nililia, na sioni haya kulisema. Utoto wangu wote hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua mhandisi hufanya nini.

Nimekaa Kimara kwa miaka mingi. Zamani niliondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili niwe mezani saa mbili. Watoto wangu walikuwa wakiniona wikiendi. Leo naondoka saa kumi na mbili na chai nimekunywa. Atakayesimama mbele yenu akasema lile daraja halikusaidia kitu, huyo hakuwa akikaa Kimara.

Lakini nililipita siku ya kwanza nikifurahi kama mtoto, na muda si mrefu nikasimama Magomeni. Foleni ilikuwa imehama. Wale ambao taa ya Ubungo ilikuwa ikiwatoa kidogokidogo sasa wanafika kwa pamoja kwenye mataa yanayofuata. Wa Sam Nujoma wanakutana Mwenge, wa Mandela wanakutana Buguruni. Pale TAZARA ni vilevile: wa Nyerere wanapaa, wa Mandela wenye malori ya bandari bado wanapita chini na bado wanasubiri taa. Hili si kosa la waliojenga. Makutano ni fundo moja kwenye kamba ndefu. Ukilegeza fundo moja, lililo mbele yake linakaza. Na watu wenyewe hawasimami kusubiri. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu milioni 4.36. Ile ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka kati ya kuanza kupanga na kumaliza kuzoea. Barabara ikiwa nyepesi, mwenye kiwanja Mbezi anajenga, aliyekuwa akipanda basi anatafuta gari, na nafasi mliyoitengeneza inajaa.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kilichobadilisha maisha ya watu wengi zaidi kwenye barabara ile, sitataja zege lililo juu. Nitataja zile njia za katikati za mwendokasi zilizoanza kazi Mei 2016, kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco ya hapahapa jijini. Fanyeni hesabu wenyewe. Njia moja ya magari madogo ikipita bila kusimama inapitisha magari 1,800 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja ndani. Basi lile refu la mita 18 linabeba zaidi ya watu mia. Likipita moja kila dakika ni watu 6,000 kwa njia ileile ya lami. Najua mabasi hayaji kila dakika. Najua mnavyobanwa mlangoni, najua Jangwani ikifurika inavyokuwa. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki: mabasi ya kutosha, yanayotengenezwa yakiharibika, na bonde la Msimbazi lisiloifunga barabara kila masika.

Nizungumzie waliopisha. Mwaka 2017, wakati nguzo zinaanza Ubungo, kulikuwa na ubomoaji wa upanuzi kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kilomita 19.2. Mnaijua ile alama ya X nyekundu ukutani. Hata majengo ya serikali hayakusalimika. Jengo la makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo lilikatwa sehemu yake. Lakini taasisi inahamia jengo jingine. Jirani yangu alikuwa na nyumba ya vyumba vinne na duka la vifaa vya ujenzi mbele. Aliamka akakuta X. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mhandisi, akadhani naweza kumwambia kama mstari utasogea. Nilijua hautasogea. Nilimpikia chai. Tulikaa mpaka saa sita usiku tukizungumza mambo mengine, kisha akaniuliza, "Huu mstari uliwekwa lini, na kwa nini hakuna aliyekuja kunionyesha kabla sijamwaga msingi?" Sikuwa na jibu.

Nyinyi mtachora mistari ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 itawapa upana. Sheria haitawakataza kwenda kuweka vigingi mapema, vigingi vinavyoonekana, na kukaa na wenyeji chini ya mwembe wa serikali ya mtaa mkawaonyesha ramani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kigingi kimoja cha zege ni bei ya chakula cha mchana. Sielewi mpaka leo kwa nini tunakionea uchungu.

Turudi chini ya daraja, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Shukeni Ubungo kwenye mwendokasi, kisha mjaribu kwenda kupanda daladala la kuelekea Buguruni. Msipite kwa gari, piteni kwa miguu yenu, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mtakutana na zile njia za pembeni za wanaokata kushoto. Kwenye mchoro ni nzuri mno: kona pana, gari halipunguzi mwendo. Kona pana ndiyo furaha ya dereva, na ndiyo hatari ya anayevuka. Gari likimgonga mtu likiwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, wengi hupona. Likiwa na 50, nafasi yake ya kupona inashuka vibaya. Tofauti hiyo ya kilomita 20 inaamuliwa na penseli yako siku unapochagua nusu kipenyo cha kona. Polisi haamui, bango haliamui, pundamilia iliyopakwa rangi haiamui. Kaza kona, dereva atapunguza mwendo hata kama hataki.

Mtaniambia tuweke daraja la waenda kwa miguu. Yapo yanayofaa. Lile la Manzese limetoa jina la kituo, Manzese Darajani, na limeokoa watu. Lakini msilifanye kuwa jibu la kila swali. Mwenye beseni kichwani, mwenye mtoto mgongoni, mzee wa magoti, mtu wa kiti cha magurudumu: unampandisha ghorofa mbili na kumteremsha ghorofa mbili ili gari lisipunguze mwendo kwa sekunde kumi. Wenzetu Nairobi wana barabara ya Thika, kilomita 50 hivi, iliyofunguliwa Novemba 2012, kazi kubwa na ya kupendeza. Madaraja ya miguu yapo, na bado kuna watu wanaokatiza chini mbele ya magari yanayokimbia. Tusiwaite wajinga. Mtu aliyetembea tangu alfajiri anajua bei ya kila ngazi.

Na mvua. Zege lote lile lina maji yake, na maji yanashuka kwa waliopo chini. Mfereji ukiziba, mtu wa miguu ndiye anayevua viatu. Na taa za usiku chini ya daraja: balbu ikiungua pale, mwanamke anayetoka zamu ya usiku anabadilisha njia yake yote. Kwenye bajeti haya huitwa mambo madogo, na yanapokatwa hukatwa ya kwanza. Nimekaa kwenye vikao vya kukata. Siku moja nilinyamaza wakati njia ya waenda kwa miguu inapunguzwa kutoka mita tatu hadi moja na nusu ili kupata nafasi ya njia ya magari. Nilikuwa mdogo mezani na niliogopa. Msinyamaze.

Sasa kazi. Mwalimu wenu ameniruhusu niwape, na itahesabika kwenye alama.

Tutakutana Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Ubungo, chini ya daraja upande wa kwenda Mwenge. Njooni na kofia, maji na viatu vilivyofunga. Mtakuwa wawiliwawili. Mmoja atahesabu magari kwa safu zilezile saba nilizopewa mimi. Wa pili atahesabu watu: wanaovuka, wangapi wamebeba mzigo kichwani, wangapi wana watoto, wangapi ni wazee, kila mmoja amesubiri sekunde ngapi kabla ya kupata nafasi, na amevukia wapi kweli, si pale tulipopaka rangi. Waliomo ndani ya daladala na mwendokasi mtawakadiria pia, basi moja baada ya jingine. Saa nne asubuhi mtabadilishana.

Fomu nimezichapisha mwenyewe, zipo kwenye boksi mlangoni. Kila mmoja achukue nne. Safu ya waenda kwa miguu nimeiweka ya kwanza kushoto, na nimeifanya pana.

Kama mtamwona mama mwenye beseni la maandazi, mnunulieni. Yule wangu atakuwa bibi sasa, lakini huenda binti yake anapita palepale. Na akiwauliza mnahesabu nini, mwonyesheni.